Humu Ndani Hakuna Sijambo

Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Tulikuwa kwenye matanga ya Dokta Zuhura, nyumbani kwake Mabatini, hapa Mwanza, siku ya pili baada ya kumzika. Wanawake tumekaa uani kwenye mikeka, wanaume wako nje barabarani, na kati yetu turubai la bluu limefungwa kwa kamba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Upande wa pili wa turubai mwanamume mmoja akamwomba mwenzake amsogezee maji ya kunawa, na neno lake la kwanza likatoka na pumzi kidogo pembeni, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye sinia la pilau. Ukabaki hapo hapo. Mama niliyekula naye akaniuliza kama nimeuma iliki, maana uso wangu ulibadilika. Nikamwambia ndiyo, iliki.

Haikuwa iliki. Ilikuwa miaka ishirini na ushei, na chumba kimoja juu ya duka la magodoro, si mbali na pale tulipokuwa tumekaa. Dokta Zuhura alikuwa mtoto wa mjini hapa, aliyekwenda China kusomea udaktari akarudi na ujuzi wa kutibu kwa sindano, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Alikodi vyumba viwili ghorofani. Kile kidogo kilikuwa cha meza yangu, kabati na birika. Kile kikubwa kilikuwa na vitanda vinne, na kati ya kitanda na kitanda alitundika kanga. Dirisha lake lilitazama mawe makubwa ya mlimani, na ukisimama kwenye ncha za vidole uliona kipande cha ziwa. Kulikuwa na harufu ya majani makavu ambayo Dokta aliyachoma karibu na ngozi ya mgonjwa kupasha joto. Mwenye duka la chini alipanda siku moja, kwa adabu zote, kuuliza kama hayo majani serikali inayajua. Mimi nilikuwa nesi mchanga, nimemaliza mafunzo, nina sare mbili na maneno mengi. Nilidhani nimekwenda kufanya kazi ya muda tu.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja, na niliisikia siku yangu ya kwanza. Aliingia Mzee Masanja, mfugaji, mgongo umemkunja hata anatazama vidole vyake vya miguu. Dokta akamwamkia, akaitikiwa, kisha akamwuliza anaendeleaje. Mzee akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: sijambo, kwema, tunamshukuru Mungu. Dokta akaziweka sindano chini. "Mzee wangu, humu ndani hakuna sijambo," alisema. "Sijambo tunaiacha kwenye ngazi, pamoja na viatu." Mzee alishangaa, na nilimwelewa. Kwetu mtu anaweza kuletwa hospitali amebebwa kwenye kitanda cha kamba, akaulizwa habari za nyumbani akasema njema, akaulizwa habari zake akasema nzuri, na baada ya hapo ndipo anaongeza kwamba tangu jana anakata roho. Kuanza na ugonjwa ni kumtupia mwenzako mzigo kabla hajakaa. Lakini Dokta alisema sindano haina macho, inakwenda pale mgonjwa anaposema panauma, na mgonjwa akificha, sindano nayo inapotea. Siku hizi nina kadi yangu mwenyewe ya bima, na kijana wa dirishani akiniuliza mama unasumbuliwa na nini, kabla sijafikiri nimeshasema sijambo mwanangu. Hucheka peke yangu, nikamkumbuka Dokta na ngazi zake.

Watu walichelewa kuizoea ile sheria, lakini walipoizoea hawakunyamaza tena. Mgonjwa akishachomwa sindano hulala nusu saa bila kujitikisa, na mtu aliyelala hawezi kujitikisa, mbele yake kanga tu, atafanya nini zaidi ya kusema? Mzee Masanja aliiambia kanga kwamba hawezi tena kuinama kumfunga ndama, na kwamba usiku anawasikia wanawe wakigawana ng'ombe wake kwa maneno. Mama Veneranda, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, alijibu kutoka kitanda cha pili kwamba yeye husali amesimama kwa sababu hawezi kupiga magoti, na jumuiya nzima inadhani ana kiburi. Walikuwa hawajawahi kuonana vizuri, maana mmoja aliingia mwingine ameshalala. Walijuana kwa maumivu. Nimekaa katika nyumba nyingi tangu wakati ule, nikakaa vikao vya ukoo na vya kanisa, na sijasikia tena watu wakisema kweli namna ile. Nakitamani kile chumba kama mtu anavyotamani chakula cha mama yake.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao mfuko mmoja wa bima ya afya ulikubali kutujaribu. Kabla ya hapo wagonjwa walikuja mara moja, wakapotea, wakarudi wakijaaliwa, na tiba ya sindano haitaki kurukwarukwa. Dokta alihangaika sana kwenye ofisi za watu. Mwishoni akakubaliwa mwaka mmoja wa majaribio: watumishi, wastaafu, na wazazi walioandikishwa na watoto wao, watibiwe kwa kadi. Mwaka ukiisha mkaguzi atakuja, awasikilize wagonjwa wenyewe, aone kama tiba inawasaidia na kama bado wanaihitaji. Akiridhika, tunaingia moja kwa moja. Asiporidhika, kadi zinakoma. Siku tuliyopata habari hiyo Dokta alinunua sato mkubwa wa ziwani, akampika mwenyewe kwenye jiko la mkaa kibarazani nyuma, tukamla na ugali wa muhogo hadi mifupa. Alisema, "Kabula, sasa watatibiwa mpaka wapone." Nilimwona akijifuta macho, akasingizia moshi.

Kazi yangu mpya ikawa kupokea kadi na kulinganisha picha na sura ya mtu. Ndivyo alivyoingia Mwalimu Faustine. Aliweka kadi mezani, na kwenye picha kulikuwa na kijana mwenye uso ulionyooka, kicheko kiko mlangoni. Aliyesimama mbele yangu mdomo ulikuwa umevutwa kulia, shavu la kushoto limelegea, jicho la upande huo halifumbi na linatoa machozi lenyewe. Nikaitazama kadi, nikamtazama yeye, nikarudia, na nikaona aibu kwa kurudia. Yeye akafunika nusu ya picha kwa kidole gumba, akafunika na nusu ya uso wake kwa kiganja. "Nesi, linganisha hii iliyobaki," alisema. Nikacheka kwa sauti kazini, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya. Na yeye akacheka kwa upande mmoja.

Alikuwa Mkerewe wa Nansio, anafundisha sekondari huko Kibondo, safari ya siku nzima kwa basi. Asubuhi moja aliamka uso umepooza, akaenda darasani hivyo hivyo, na alipoanza kusoma kwa sauti mate yakamwangukia kitabuni. Mwajiri wake akamruhusu akae Butimba, hapa mjini, apange vitabu vya maktaba chuoni, kwa muda wote atakaokuwa kwenye tiba. Akipona anarudi kituoni kwake. Hayo alinieleza siku ile ile ya kwanza na mimi niliyasikia kama habari tu. Baada ya miezi michache yakawa ndiyo mambo ninayoyawaza nikipika, nikifua na nikisali. Nilikuwa nesi pekee Mwanza nzima aliyemwomba Mungu mgonjwa wake apone, ila polepole.

Mwanzo hakula mbele za watu. Mchana Dokta alikuwa na desturi ya kumkaribisha yeyote aliyekuwapo, tukakaa kibarazani, siku nyingine dagaa, siku nyingine matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga tu. Mwalimu alikuwa na udhuru kila siku: ameshiba, anawahi, tumbo. Siku moja Mama Veneranda akamkatiza. Alisema mwanangu, mimi huketi kwenye choo cha shimo kwa kushikiliwa na wajukuu, na hayo umeyasikia kwenye kanga, sasa wewe unaficha nini? Akampa leso bila kumtazama, akaendelea kumenya karanga. Mwalimu akakaa. Alikula taratibu, akitafuna kulia, akijifuta kushoto, na sisi sote tukapata ghafla mambo mengi ya kuangalia upande wa ziwa. Mzee Masanja akamtania kwamba watu wa visiwani wamezoea samaki, matobolwa yatamshinda. Mwalimu akamjibu kwamba Msukuma akipewa samaki huuliza pembe ziko wapi. Mzee alicheka hadi akashika mgongo. Tangu siku hiyo alikula nasi, na akitoka kwao Nansio Jumatatu alikuja na machungwa ndani ya kapu, akayapanga kwenye meza yangu juu ya kadi za watu.

Nilimzoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Dokta akishamchoma sindano usoni na mkononi, mimi nilipita nje ya kanga kila baada ya muda nikiuliza, "Mwalimu, unaendeleaje?" Naye alijibu vilevile kila mara: "Kulia salama, kushoto bado." Likawa kama wimbo wa chumba kile. Kisha nikagundua jambo jingine. Kwa sababu midomo yake haikufunga vizuri, herufi kadhaa zilimtoroka, na mojawapo ilikuwa ndani ya jina langu. Kabula lilitoka Kawula. Basi akidhani niko mbali, kwa sauti ya chini kabisa, amelala na sindano zake, alilifanyia mazoezi. Kawula. Kawula. Kawula. Nilisimama upande huu wa kanga na birika mkononi, maji yanapoa, sijui niende wapi. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kazi ngumu kiasi kile. Nilimpenda, na nasema hivyo leo waziwazi kwa sababu sina wa kumwogopa.

Mwaka ukaenda. Jicho lake likaanza kufumba, shavu likaanza kusikia. Dokta alisema tukiendelea hivyo bila kukatiza, uso utarudi wote, lakini bado, safari ni nusu. Mzee Masanja alikuwa sasa anaona nyuso za watu badala ya miguu yao. Mama Veneranda alipanda ngazi kwa kupumzika mara moja tu. Wote walikuwa njiani, hakuna aliyefika. Ndipo tukaletewa taarifa kwamba mkaguzi anakuja.

Jambo ambalo mimi na Dokta hatukulijua ni kwamba wagonjwa wetu walifanya kikao. Walikutana chini, kwenye duka la magodoro, wakaketi juu ya magodoro ya biashara, wakakubaliana kwamba Dokta asiaibike mbele ya mgeni kutoka makao makuu. Wamsifu. Waseme alivyowaponya. Walijipanga kama watu wanaojiandaa kwenda kuposa.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akasema, kwa kuomba radhi, kwamba utaratibu unataka azungumze na wagonjwa bila daktari wala nesi kuwapo. Tukaenda chumba kidogo. Dokta akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama, na ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Tulimsikia akimwamkia Mzee Masanja na kumwuliza mgongo unaendeleaje. "Nimepona kabisa, baba," alisema Mzee. "Dokta amenitibu vizuli sana. Sina tatizo lolote." Tukasikia kitanda kikilia, maana alikuwa anajaribu kuinuka kwa kishindo ili amwonyeshe. Mama Veneranda akasema magoti yalishakuwa hadithi, sifa kwa Mungu na kwa Dokta. Dokta Zuhura akaweka kiganja chake kwenye mbao, taratibu, kama anavyoweka kwenye mgongo wa mgonjwa. "Kabula," alininong'oneza, "sijambo imepanda ngazi."

Wa mwisho alikuwa Mwalimu. Nadhani mkaguzi alimtazama uso kwanza. Kisha akamwuliza. Mwalimu alijua kuliko wote kinachomngoja akitamka neno lile, Kibondo na yote. Akalitamka. "Nimepona," alisema, na neno likatoka limechanika katikati, nusu ya mdomo ikilisema na nusu ikilivujisha. Mkaguzi akamwuliza kama ana hakika. Akajibu ana hakika, daktari wetu ni hodari.

Dokta hakuvumilia, akaingia. Akamwambia mkaguzi kwa upole kwamba hawa watu bado ni wagonjwa, wanapata nafuu lakini bado. Sasa angalia mambo: wagonjwa wakazidi. Wakadhani anajishusha. Mzee Masanja akamwambia usijishushe binti yangu, sema ulivyotutibu. Kijana wa watu akafunga mkoba wake, na hakufurahi. "Dokta, macho ninayo," alisema. "Lakini nimetumwa kubeba maneno ya mgonjwa, siyo yako wala yangu." Akavaa viatu, akashuka. Wagonjwa wakapongezana.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Wagonjwa wote wamethibitisha kupona, hivyo hakuna sababu ya kuendelea. Kadi zikakoma. Nilimkuta Mzee Masanja amekaa kwenye ngazi, kapu la michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, magotini, hajui apande au arudi. Alinitazama kama mtoto aliyevunja chungu akidhani anasaidia kuosha. Dokta alimpandisha, akamchoma sindano siku ile bila kadi, na nyingine nyingi baada ya ile, mpaka nilipoondoka. Hakuwahi kuwalaumu. Alisema alisomea maumivu miaka mingi ugenini, akasahau kwamba heshima nayo inatibiwa.

Mwalimu aliitwa arudi kituoni kwake, kwa sababu mtu aliyepona hapangi tena vitabu vya maktaba. Alikuja kuaga mchana, Dokta akatutuma kibarazani wote wawili, akajifanya ana kazi. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini alisema vile wakati alijua. Akanijibu, "Mgeni akikuuliza habari za mwenyeji wako, Kawula, utamwambia tunalala njaa?" Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo. Akasema atarudi akiwa na uso wake mzima, ndipo aseme linalotakiwa kusemwa, maana mwanamume hapeleki nusu ya uso kwa wakwe. Nikamwambia huo ni ujinga. Sikumwambia kwamba ile nusu ilinitosha. Kisha akaniuliza, akinitazama kwa jicho lile lililokuwa limejifunza kufumba: "Na wewe utakuwaje?" Tulikuwa tumeshafika mwisho wa ngazi, mlangoni pa chumba chenye sheria moja tu. Nikamjibu, "Mimi? Sijambo." Akatikisa kichwa, akashuka. Machungwa yake yalikaa mezani kwangu mpaka yakaanza kunyauka, sikuweza kuyala wala kuyatupa.

Hakurudi. Niliambiwa kwamba alioa huko, baadaye nikaambiwa mkewe alifariki. Mimi niliolewa na mtu mwema, nikazaa naye, nimeshamzika. Sijutii nyumba yangu. Lakini kuna jioni, maji yakichemka jikoni, ninaposimama na birika mkononi na kusikiliza, na hakuna kanga, na hakuna mtu anayelifanyia jina langu mazoezi.

Basi siku ile matangani nilinawa mkono ambao haukurudi tena mdomoni. Upande wa pili wa turubai walikuwa wanamzungumzia marehemu. Mtu mmoja akauliza, mwalimu, si na wewe ulitibiwa na huyu mama, ulipona? Nilijua ile adabu yetu inamvuta ulimi, aseme nzuri, tunashukuru. Sikumpa nafasi. Nikainama karibu na turubai, wanawake wakinitazama, mjane mzima wa umri wangu, nikauliza kwa sauti yangu ya kazini:

"Mwalimu, unaendeleaje?"

Sufuria ziligongana kule jikoni. Mtu akakohoa. Kisha kile kivuli kwenye turubai kikageuka kuelekea kwangu.

"Kulia salama," alisema. "Kushoto bado." Akapumua. "Na wewe, Kawula?"

Nikausogeza mkeka hadi kwenye turubai, nikaanza kumwambia.